Mstari wa Mguuni

Mimi ni dobi, na sisi madobi tuna ugonjwa mmoja usio na dawa: hatuwezi kuliona doa tukanyamaza. Nikienda msibani kutoa pole, macho yananikimbilia kwenye kola za watu. Nikiitwa ofisini kwa mkubwa, simsikii anasema nini. Naangalia tone la chai kwenye tai yake na moyoni nimeshaanza kazi, maji baridi kwanza, sabuni baadaye, moto usikaribie. Wateja wananiita Mkunjo kwa sababu ya mkunjo ninaouweka kwenye suruali. Wanasema ukiupitishia kidole unakukata. Wanatia chumvi, lakini sijawahi kuwakataza.

Nalisema hili mapema ili tukifika pale nilipofanya upumbavu wangu usianze kuuliza ulitokea wapi.

Duka letu ni chumba kimoja kirefu. Mbele kuna kaunta na waya wa nguo zilizokwisha kupigwa pasi, katikati ipo meza yangu, na nyuma kabisa, pale sakafu isipokauka mwaka mzima, yapo masinki mawili ya saruji. Mke wangu anakaa dirishani na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu. Vifungo, zipu na pindo ni himaya yake, na nikithubutu kumshauri neno ananiangalia juu ya miwani mpaka nirudi kwenye pasi yangu. Tumeishi hivyo miaka ishirini na minane. Watoto wamekulia humo humo na sasa kila mmoja ana kwake.

Yote yalianza na mdudu. Mimi sikumwona, wala mke wangu hakumwona, ila Jumapili jioni alikuwa anajikuna ugoko wa mguu wa kushoto huku anapanga vifungo kwenye kopo. Jumatatu palikuwa na kijipele. Jumanne kijipele kilikuwa kimechunika na kuota ukoko wa rangi ya asali, na pembeni yake vimechomoza vingine viwili. Mtu mwingine angeona ugonjwa. Mimi niliona doa.

"Lete mguu," nikamwambia.

"Unautakia nini mguu wangu?"

"Nitoe huo uchafu kabla haujakolea."

Nikachemsha maji, nikachukua sabuni ya mche, nikachukua na brashi yangu ya kola, ile ngumu ambayo hata mke wangu haruhusiwi kuiazima. Nikasugua mpaka ukoko wote ukatoka, pakabaki pabichi panang'aa. Nilijisikia fundi kwelikweli. Jioni ukoko ulikuwa umerudi, nami nikarudia. Jumatano asubuhi nikarudia tena, na safari hii nikatia kwenye beseni kifuniko kimoja cha dawa ya kung'arishia nguo nyeupe.

"Inauma," akasema. Mke wangu si mtu wa kulalamika. Alizaa watoto watatu bila kunitukana hata mara moja, na nilikuwepo.

"Ikiuma ujue inafanya kazi."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu huu.

Alhamisi hakuamka kufungua dirisha. Nilimkuta kitandani amejifunika mablanketi mawili na jua limeshapanda, meno yanagongana. Nilipofunua mguu nikarudi nyuma hatua nzima. Kutoka kwenye kifundo hadi juu ya katikati ya ugoko ulikuwa umevimba, ngozi imevutika na kung'aa, na kwenye weusi wake mzuri ilikuwa imeingia rangi ya zambarau. Nikaweka kiganja. Nimeshika pasi maisha yangu yote na joto nalijua, lakini lile halikuwa joto la mguu wa mtu. Na bado, aibu iliyoje, wazo la kwanza kunijia lilikuwa kumkanda kwa maji ya chumvi.

Aliyetuokoa ni shemeji, mdogo wake mke wangu, aliyekuja dukani kuchukua gauni lake na kupitiliza hadi chumbani kwetu, uani nyuma ya duka, kama kawaida yake. Mimi na shemeji tunataniana tangu siku ya posa, lakini siku ile hakutania. Aliuangalia mguu, akaliangalia beseni, akainama akanusa maji.

"Shemeji, umemfanya nini dada yangu?"

"Nimemsafisha."

"Umemsafisha! Huyu ni mtu, shemeji, si shuka la hoteli!" Alikuwa ameshatoa simu anaita gari. "Na hiyo brashi iache hapo hapo. Ukiipandisha kwenye gari nakuteremsha kabla halijaondoka."

Nikaiacha. Yeye akabaki kuangalia duka, sisi tukaenda zahanati.

Zahanati ilikuwa na benchi refu la mbao na feni inayozunguka inapojisikia. Tabibu alikuwa binti wa umri wa kifungua mimba wetu, mwenye sauti ndogo na macho yasiyopepesa. Koti lake jeupe lilikuwa limeanza kuwa manjano mikononi, na niliapa moyoni kwamba sitasema. Alimpima mke wangu homa, akaupapasa mguu kwa mgongo wa mkono, akipanda nao taratibu kutafuta joto linapoishia. Kisha akauliza kulianzaje na nyumbani tumefanya nini.

Nikamweleza. Nilimweleza kwa ufasaha, hatua kwa hatua, kama ninavyomweleza mteja nilivyotoa doa lililomshinda dobi mwingine. Nilitaja mpaka kipimo cha dawa. Tabibu akaacha kuandika.

"Baba, ulimsugua kwa brashi ya kola?"

"Ni safi. Haijawahi kugusa viatu."

Mke wangu alifumba macho. Nilidhani ni maumivu.

"Hili ni ambukizo la bakteria," tabibu akasema. "Lilianza juu juu, kwenye vile vipele vyenye ukoko. Sasa limeshuka ndani ya ngozi na linapanda mguu."

"Ndiyo maana nilikuwa nawaua hao bakteria, mwanangu."

"Uliwaua walinzi, baba."

Hapo nikapandwa na hasira, na sitaficha. Miaka thelathini nimewaambia watu kwamba safi ni safi na uchafu ni uchafu, halafu anakuja mtoto mwenye koti la manjano ananiambia kuna bakteria walinzi! Nikamuuliza walinzi gani, na sauti yangu haikuwa ya adabu. Yeye hakukasirika. Alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Ngozi ya mtu si kitambaa," akasema. "Juu kabisa kuna tabaka la seli zilizokufa, zimebanana, na katikati yake pana mafuta. Hapo bakteria hapiti. Jasho na mafuta yanaifanya ngozi iwe na uchachu kidogo, na wengi wa hawa wabaya hawaupendi. Halafu juu ya ngozi wanaishi bakteria wengine, ni wengi ajabu, hawamdhuru mtu. Wamekalia nafasi zote na wanakula kila kilichopo, mgeni mbaya akija hapati pa kukaa. Sasa sabuni yako kali imeondoa mafuta. Dawa ya nguo imeondoa uchachu pamoja na hao wenyeji. Brashi ikamalizia kwa kufungua mlango. Wewe ungekuwa bakteria mbaya ungefanya nini?"

"Ningeingia," nikasema.

"Basi wameingia."

Nikanywea. Nilikumbuka mashati ninayoletewa na watu waliojifulia wenyewe kwa pupa ya weupe: ni meupe pe, lakini ukiinua shati kwenye maji mabega yanabaki mkononi. Huwa nawacheka watu wale. Huwa nawauliza kama walikuwa wanafua au wanalipiza kisasi.

Tabibu alichukua kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia maboksi, akachora mstari kuuzunguka mguu wote pale uvimbe na joto vilipoishia. Ulipita mbele, chini ya goti kwa kama upana wa kiganja, ukazunguka shavu la mguu, ukarudi ulikoanzia.

"Sikilizeni vizuri," akasema. "Nampiga sindano sasa na nawapa vidonge. Kesho msishangae mkiona hakuna tofauti, dawa inachukua muda. Keshokutwa, Jumamosi saa nne, namtaka hapa. Uvimbe ukiwa umeshuka chini ya mstari, dawa imekubali na ataendelea na vidonge nyumbani. Ukiwa umeuvuka, harudi nyumbani. Anakwenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, kwa madaktari wa upasuaji."

"Wamfanye nini?"

"Wafungue mguu waangalie ndani. Mara nyingine kuna nyama inayokufa, na inabidi itolewe." Akamgeukia mke wangu. "Sisemi ili nikutishe, mama. Nasema ili mje. Na homa ikipanda, au uvimbe ukivuka mstari kabla ya hapo, msingoje Jumamosi."

Mke wangu aliuliza swali moja tu: je, ataweza kukanyaga cherehani tena?

"Mstari usipovukwa, utakanyaga," tabibu akajibu.

Kuanzia pale sikuwa na kazi nyingine duniani ila mstari ule. Tulimlaza, tukauinua mguu juu ya mito mitatu, shemeji akakamata kaunta na kuwatangazia wateja kwamba Mkunjo ana mgonjwa, wasimsumbue. Nilimpa vidonge kwa saa, dakika haikupotea. Kila nusu saa nilikwenda kuchungulia. Nilipiga magoti pembeni ya kitanda na tochi ya simu, jicho karibu ligusane na ngozi, nikitafuta ile zambarau iko upande gani wa wino. Mara ya kumi niliona imeshuka. Mara ya kumi na moja niliona imepanda. Kufikia Ijumaa adhuhuri nilikuwa nimeuangalia mguu ule mpaka sioni tena kitu, na mke wangu akaniambia niende nikapige pasi, nimemchosha.

Nikaenda nikaunguza shati. Mimi! Alama nzima ya pasi katikati ya mgongo, mbele ya shemeji, na yeye ambaye angenitania kwa hilo mpaka uzee hakusema neno. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye anaogopa.

Kula sikula, kulala sikulala. Nililala chali nikifikiria dirisha la duka bila mtu wa kuniangalia juu ya miwani. Nilifikiria madaktari wakimuuliza nani alimfanya hivi. Wangeuliza tu, na jibu lingekuwa mimi, kwa mikono yangu miwili na maji ya moto.

Jumamosi asubuhi homa ilikuwa imepungua na alikula nusu bakuli ya uji. Nikampigia pasi gauni lake la bluu, lile la kwenda kwenye shughuli za watu. Kisha nikaja na beseni kumwosha miguu kabla ya safari. Nilikuwa nimejifunza, au ndivyo nilivyoamini: maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, sabuni kidogo ya kuogea, brashi iko mbali. Kidonda sikukigusa. Nilimkausha mpaka katikati ya vidole. Nikamaliza, nikainua macho, na mstari ukawa unaniangalia.

Ulikuwa mbaya, wacha niseme ukweli. Mweusi, mnene, umepinda, na nyuma kwenye shavu la mguu kalamu ilikuwa imesita ikaacha donge. Nikajiuliza, mke wa Mkunjo atapita mbele ya watu na wino mguuni kama boksi la bidhaa? Na zaidi ya hilo nilikuwa nimeuchukia. Siku mbili ulikuwa umekaa pale kwenye mguu wa mke wangu ukitutisha. Nikajiambia kazi yake imekwisha, leo tabibu anaangalia kwa macho yake mwenyewe, wa nini tena?

Maji hayautoi wino ule. Nikaenda kwenye kabati langu nikachukua spiriti na pamba. Kutoa wino kuna adabu yake: huusugui, unaugonga kidogo kidogo, kutoka nje kwenda ndani, na kila mara pamba mpya. Mikono ilikuwa inanitetemeka lakini kazi ilikwenda. Mke wangu aliniangalia kutoka juu ya miwani, akafungua mdomo, akaufunga. Nilidhani anataka kushukuru. Baada ya dakika tano mguu ulikuwa hauna hata kivuli cha wino, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nilijisikia kwamba kuna kitu nimekifanya kikatoka vizuri.

Saa nne kamili tulikuwa mbele ya tabibu. Alimpandisha kitandani, akalikunja gauni hadi gotini, akainama. Akaugeuza mguu. Akausogeza karibu na dirisha, kwenye mwanga.

"Mstari uko wapi?"

"Nimeutoa," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema kwa majivuno. "Ulikuwa wino mgumu, lakini kwa spiriti na—"

Sikumaliza. Nadhani ni uso wake ulioniambia, maana yeye alikuwa bado hajatamka kitu.

"Baba," akasema taratibu, "wewe si dobi?"

"Ndimi."

"Nguo za watu mnaziwekea alama?"

"Tunaweka."

"Ukifua mpaka alama ikatoka, mteja akija unampa nguo ya nani?"

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Tabibu aliupapasa mguu kwa mgongo wa mkono, juu, chini, pembeni, akatikisa kichwa.

"Homa imeshuka, na hilo ni jema. Lakini homa inashushwa hata na vidonge vya maumivu nilivyompa. Uvimbe bado upo, joto bado lipo. Kama linapanda au linashuka, sijui. Ningekuwa na mstari ningejua kwa kutupa jicho tu." Alivuta karatasi. "Siwezi kubahatisha mguu wa mtu. Naandika barua ya rufaa, mwende hospitali kubwa sasa hivi."

"Ngoja!" nikasema. "Nakumbuka ulipokuwa. Ulikuwa hapa." Nikaweka kidole chini ya goti. Nikakiangalia. "Hapana, hapa." Nikakishusha. Mimi ninayekumbuka doa la kila shati lilikuwa kifungo cha ngapi, niliuangalia mguu niliouchungulia siku mbili mfululizo na sikujua. Ulikuwa safi. Niliusafisha vizuri mno. "Au hapa," nikasema, na kidole kikahama tena.

"Kaa chini, baba," tabibu akasema, si kwa ukali.

Nikakaa. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi. Niliwaza jinsi nitakavyomwambia shemeji. Niliwaza watoto, nikawaza nitaanzia wapi kuwapigia simu.

"Daktari," mke wangu akasema, "hiyo karatasi iweke kwanza."

Alifungua mkoba wake, akatoa bahasha ya vidonge, akaigeuza nyuma. Pale palikuwa na maandishi yake madogo, yale anayoandikia vipimo vya wateja: *Goti hadi mstari. Mbele 11. Nje 12 na nusu. Nyuma 13. Ndani 12.*

"Nilipima Alhamisi," akasema, "tulipofika tu nyumbani. Huyu alikuwa amekwenda kutafuta mito."

Tabibu aliisoma mara mbili. "Ulipima kwa nini, mama?"

"Nimeolewa na dobi."

Akasema hivyo tu, kama mtu anayetaja ugonjwa wa kurithi. Tabibu aliuma mdomo ili asicheke, akafungua droo akatoa utepe wa kupimia vichwa vya watoto wachanga. Mke wangu aliuangalia utepe ule kwa dharau, akatoa mkobani futi yake mwenyewe, ya kushonea, iliyochakaa ncha.

"Tumia hii niliyopimia. Anzia hapa, chini ya mfupa wa goti. Ndipo nilipoanzia."

Sasa wakawa wanafanya kazi wawili, fundi na tabibu, na mimi nimekaa kwenye kiti roho mkononi. Tabibu aliutafuta mwisho wa uvimbe kwa mgongo wa mkono, akaweka kidole gumba, mke wangu akanyoosha futi kutoka gotini.

"Mbele, kumi na tatu na nusu," tabibu akasoma.

"Hiyo ni nzuri au mbaya?" nikauliza. Hesabu zote zilikuwa zimenihama.

Tabibu akahamia upande wa nje. "Kumi na tano." Akageuza mguu. "Nyuma, kumi na sita." Akamalizia ndani. "Kumi na nne na nusu."

Mke wangu alikuwa ameshaelewa. Nilimwona mabega yanashuka, taratibu, na nikatambua kwamba tangu Alhamisi alikuwa ameyapandisha hadi masikioni na mimi niliyekuwa naangalia mguu tu sikuona.

"Umbali kutoka gotini umeongezeka, baba," tabibu akasema. "Maana yake uvimbe unaliacha goti. Umeshuka pande zote nne, sentimita mbili na zaidi. Dawa imekubali."

"Sema tena."

"Dawa imekubali. Haendi popote, anarudi nyumbani." Akaichana ile barua ya rufaa vipande viwili.

Nililia. Sisemi kwamba machozi yalinilengalenga. Nililia kwa sauti, mikono usoni, mpaka mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na mtoto mgongoni akachungulia mlangoni kuona nani amefariki.

"Hakufa mtu," nikamwambia. "Hakufa mtu kabisa, mama, asante!"

Sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi. Ningemshukuru hata feni.

Tabibu alinipa maji ya kunywa, akangoja nitulie, kisha akanihutubia. Vidonge vimalizwe vyote hata mguu ukipona kesho. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni laini, kikaushwe kwa kugusisha kitambaa, kifunikwe. Ngozi ya pembeni ipakwe mafuta ya kawaida isipasuke. Mama avae viatu vya kuzuia maji pale kwenye masinki, maana mipasuko midogo katikati ya vidole nayo ni mlango. Taulo lake liwe lake peke yake. Na wale wenyeji wa ngozi niliowafukuza watarudi wenyewe polepole, mradi niwaache. Niliitikia kila neno. Angeniambia nikamfulie koti lake bure mwaka mzima ningeitikia, na kwa kweli nililiomba, naye akacheka akasema nilichukue Jumatatu, ila nisitie dawa.

Alichora mstari mpya, chini ya pale ulipokuwa ule wa zamani. Aliniangalia wakati anafunga kalamu.

"Siugusi," nikasema.

"Mama ataupima hata hivyo," akajibu.

Tulikaa kwenye benchi la nje kungoja vidonge vingine dirishani. Mke wangu alinyoosha mguu wake mbele yake, mstari mweusi mnene mbele ya kila mpita njia, na nikaona hakuna aliyeuangalia. Jua lilikuwa limefika hadi kwenye viatu vyetu. Nilikuwa mwepesi, nimechoka, nina njaa kama mtu aliyetoka kuumwa yeye. Lakini kulikuwa na kitu kinanikwaza, na mimi si mtu wa kukaa na kitu moyoni.

"Uliniona nikija na spiriti," nikamwambia.

"Nilikuona."

"Ulijua naharibu."

"Nilijua."

"Sasa mbona hukunizuia? Neno moja tu, ningeacha."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, na nilitaka kumwambia kwamba pindo lile lilikuwa limepigwa pasi asubuhi ile, lakini nikameza maneno.

"Siku mbili hukula," akasema. "Hukuniangalia usoni hata mara moja, ni mguu tu, mguu tu. Leo asubuhi umekuja na ile pamba, mikono inakutetemeka, nikasema moyoni, huyu anaogopa kuliko mimi ninayeumwa. Vipimo ninavyo mkobani. Nikaona nikuache ufue."

Nilimshika mkono. Nikamwambia nilidhani ninampoteza, na kwamba ningekuwa nimempoteza kwa mikono yangu mwenyewe.

"Najua," akasema, na akaniachia mkono wake mpaka tulipoitwa dirishani.